Mji wa Mawe Yanayowaka

Harufu ile ilinikuta nachambua mboga barazani kwangu, hapa Mfaranyaki, Songea. Nyumba ya jirani wamepanga vijana wawili wapimaji wa ardhi, watu wa mbali, wenye adabu na viatu vizito. Walikuwa wamerudi kutoka mabondeni na gunia la mawe meusi, wakayatia machache kwenye jiko la uani kuona kama yatashika moto. Yakashika. Moshi ukapita juu ya ua, mzito, unanuka yai viza na chuma cha moto kilichomwagiwa maji. Kisu kikanitoka mkononi. Mwili uliijua harufu ile kabla kichwa hakijaijua, na kabla sijajizuia nilikuwa nimeshageuza shingo kumtafuta baba.

Mmoja wao akanichungulia juu ya ua. "Shikamoo, bibi. Moshi wetu unakusumbua?"

"Marahaba. Haunisumbui."

"Ni makaa ya mawe haya, bibi. Tumeyatoa mbali sana, pori tupu. Kule hakuna mtu aliyewahi kuishi."

Niliokota kisu changu. Nimelelewa kuheshimu wageni, na jibu nililokuwa nalo mdomoni halikuwa la heshima. Pori tupu, anasema. Basi nawasimulia ninyi wa rika langu, mlioshikwa mikono na mama zenu tukikimbia vita, maana ninyi nikiwaambia kwamba pale palikuwa na mji hamtaniomba ushahidi.

Kabla ya mji kulikuwa na kamba. Mnaikumbuka. Baba mwenye nyumba asipolipa kodi anafungwa kamba shingoni, yeye na wenzake, mmoja nyuma ya mwingine, wanapelekwa kufanya kazi za Mdachi. Mara ya kwanza baba yangu kuchukuliwa, mama alilia, nami nikalia kwa sababu mama analia. Lakini baada ya muda baba akarudi. Amekonda, nyayo zimepasuka, ila mkononi ana jani la mgomba lililofungwa vizuri, na ndani yake chumvi.

Ilikuwa chumvi ya pwani, nyeupe pe. Sisi ya kwetu mama aliipata kwa kuchoma majani ya mtoni na kuyachuja majivu yake kwenye chungu chenye matundu. Ilitoka ya kijivu na ilikuwa na uchungu kwa mbali. Siku ile mama alinitia chembe ya chumvi ya baba ulimini, nikafumba macho. Tangu hapo nikajiwekea akilini kwamba kamba ndiyo njia ya chumvi. Baba anafungwa, baba anafanya kazi, baba anarudi na jani la mgomba. Nilikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka, na hakuna aliyeniambia vinginevyo.

Mara ya pili walipomchukua, mnyapara akagundua kwamba baba ni mhunzi. Pale kwenye machimbo sururu zilikuwa zinavunjika kila siku, na wa kuzitengeneza hayupo. Wakamfungua kamba, wakamwambia ajenge kibanda cha kufulia chuma na alete mke na mtoto. Ndivyo tulivyohamia. Mama hakutaka. Alikuwa Mmatengo, amezoea kilimani, na alisema ardhi inayonuka vile haiwezi kumea kitu.

Lakini mji ulimea. Mwanzo zilikuwa nyumba za wachimbaji tu, zimepangwa mstari mmoja kwa amri ya Mdachi, naye nyumba yake iko juu kwenye kilima na bati linang'aa. Kisha wakaja wanawake wa kupika pombe ya ugimbi. Wakaja Wanyasa na vikapu vya usipa mkavu, vile visamaki vya ziwani, na Wayao wenye kaniki na shanga. Watu waliotoka huku na huku, kila mmoja na lugha yake, wakaanza kusalimiana kwa Kiswahili kibovu ambacho sisi watoto tulikiongea vizuri kuliko wazazi wetu. Makaa yalitoka shimoni kwa vikapu, yakabebwa vichwani hadi ziwani, na wabebaji walisema huko yanalishwa meli. Mimi niliamini meli ni mnyama. Nguo zetu zote zilikuwa nyeusi, mate yetu meusi, na mama alikuwa akinisugua shingo kwa mchanga mpaka napiga kelele. Ikiwa mtu ataniuliza utoto wangu ulikuwa wapi, nitasema pale, katika masizi yale, na nilikuwa na furaha.

Jirani yetu alikuwa mwanamke Mnyasa muuza samaki, sote tukimwita Mama Usipa. Mumewe alichimba makaa. Mwanamke mnene, mcheshi, mwenye mdomo, akimtania mama kwamba Wamatengo wana shingo fupi kwa kubeba mizigo milimani. Mama naye hamwachi, anamwambia Wanyasa hawana shingo kabisa, wana mapezi.

Sasa niwaambie habari ya baba na jiwe. Wahunzi wa kwetu wanafua kwa makaa ya miti, na miti yenyewe wanaichagua, tena wana miiko yao: tanuri likiwashwa mhunzi halali na mkewe mpaka kazi iishe. Baba alishika yote hayo. Mnyapara alipomwambia atumie yale mawe meusi, alicheka. Jiwe haliwaki, bwana. Jiwe ndilo tunalozungushia moto ili usitoroke. Wakamlazimisha. Nilikuwa nimechuchumaa mlangoni siku hiyo, namshikia kibuyu cha maji, na nilimwona baba anavuta mivukuto huku midomo ameibana kwa dharau. Jiwe likafuka. Likatoa moshi wa njano. Kisha likawa jekundu, likawa jeupe katikati, na joto likanisukuma nyuma hadi nje. Baba aliacha kuvuta. Alisimama mikono inaning'inia, uso umelowa jasho, na sijapata kumwona mtu mzima akiwa na woga wa namna ile.

Jioni alimwambia mama, "Nimeona jiwe linaungua."

"Umechoka," mama akasema. "Kula."

"Nimeliona mimi. Kama jiwe linaungua, basi yote tuliyofundishwa na wazee wetu kuhusu vitu, nani ajuaye."

Tangu siku ile baba alibadilika. Kila alichookota alikitia motoni kuona kitakuwaje. Mfupa, kombe la konokono, udongo wa rangi rangi. Mama alisema mumewe amerudi kuwa mtoto, ila hakumkataza. Askari wa kambi walikuwa na mti wao wa kupigia shabaha, na siku moja baba aliokota risasi iliyoanguka chini ya mti ule, imebonyea. Akaiweka kwenye kigae cha chungu, akakisogeza kwenye makaa. Chuma sisi tulikijua; ukikichoma kinalainika, unakigonga, kinakukatalia, unakigonga tena. Risasi haikukataa. Ilitetemeka kidogo tu ikawa maji. Yalikuwa meupe, yanazunguka ndani ya kigae, nami nikaona paji la uso wa baba limejikunja mle ndani. Akayamwaga kwenye kibuyu cha maji, yakalia chwaa, na tulipoyatoa yalikuwa yameganda na kuota mizizi. Alinipa nichezee. Nilikivika kile kipande kaniki, nikakiita mtoto wangu.

Wachimbaji walikuja kuangalia. Baba aliokota nyingine, akawaonyesha, na wengine wakaleta zao. Kwao ulikuwa mchezo mzuri jioni baada ya kazi: mhunzi anageuza risasi kuwa maji.

Mnaona inakokwenda. Mimi sikuona, wala wao.

Mtu wa dawa alikuja wakati mahindi yameshavunwa. Alitokea upande wa mashariki, mrefu, kichwa amekifunga kitambaa, na kibuyu begani. Alikutana na wanaume kijitoni, sisi watoto tukajificha kwenye matete. Alisema yule anayekunywa maji yake na kupakwa, risasi ya Mdachi ikimfikia itakuwa maji na kumtiririka. Wanaume walimpima kwa macho. Hawakuwa wajinga, nataka mlisikie hilo, kwa sababu nimechoka kusikia watu waliosoma wakisema babu zetu walidanganywa kama kuku. Walikuwa wamechoka na kamba na kiboko, lakini hawakuwa wajinga. Mume wa Mama Usipa ndiye aliyesimama na kuuliza, "Nani kati yetu amewahi kuona risasi ikiwa maji?"

Wote wakamgeukia baba.

Hata sasa naweza kumwona. Alisugua mikono yake kwenye ngozi aliyojifunga kiunoni, polepole, kama anavyofanya kabla ya kugusa kazi. Kisha akasema, "Mimi nimeona. Nanyi mmeona."

Basi. Baada ya hapo mtu wa dawa hakuhitaji kusema sana. Wanaume walijipanga kwenye kile kijito mmoja mmoja, wakanyweshwa, wakapakwa, na wengi wao walimgusa baba bega wakipita.

Kwa mara ya kwanza nilimsikia mama akimpandishia baba sauti. "Ilikuwa maji kwenye moto," alimwambia. "Kwenye moto, baba mtoto. Wewe utakwenda vitani na tanuri kifuani?"

"Dawa nayo ina moto wake, ambao hatuuoni. Hata moto wa lile jiwe tulikuwa hatuuoni."

"Na kama huo moto haupo?"

Dawa ile nayo ilikuwa na miiko, mwanamume asilale na mkewe, na baba akahamishia mkeka wake kibandani, kando ya fuawe anayofulia chuma. Nilidhani wamegombana. Kila asubuhi nilimpelekea uji na kumwambia mama hana hasira tena, arudi tu ndani. Alikuwa anacheka na kunishika kichwa. Aliniita mama, kama akina baba wanavyowaita binti zao. "Nitarudi, mama. Ngoja kazi iishe."

Mdachi alisikia habari akaondoka na askari wake kwenda kwenye boma la Songea. Wanaume wakamfuata huko kupigana, wao na wengine wengi kutoka kila upande wa Ungoni. Mji ukabaki na wanawake na watoto, na shimo wazi. Mama Usipa hakumtania mtu siku zile. Alikaa mlangoni kwake akiwatenganisha usipa wazuri na wabovu, akiwachanganya, akiwatenganisha tena.

Nyie mnajua yaliyotokea pale bomani, nyumba gani haijui. Mimi nitasema tu nilichokiona. Niliona baba anarudi peke yake. Alikuja kwa kupitia kwenye mashamba, si barabarani, mguu mmoja anauburuta, na damu ya watu wengine imemkaukia kifuani. Mama alimpokea mlangoni. Baba akasema neno moja tu.

"Haikuyeyuka."

Mama alimkalisha, akamwosha. Nje wanawake walikuwa wamekusanyika, wanasubiri waume zao watokee kwenye yale mashamba, na Mama Usipa akiwa mbele. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama mumewe yuko nyuma. Baba alijaribu kusimama kwa heshima yake, mguu ukamkatalia, akamjibu akiwa magotini.

"Alikuwa mbele yangu, dada. Alikuwa anakimbia bila woga."

Alipiga yowe Mama Usipa, na wengine wakampokea, na mimi nikaziba masikio. Kuanzia siku ile baba hakuwasha tanuri. Alikaa kibandani gizani, na ukimsemesha anakutazama muda mrefu kabla hajakujua. Niliacha mtoto wangu wa risasi mapajani pake ili amliwaze. Aliporudi kwenye fahamu na kuona ni nini, alikirusha kile kipande mbali, kisha akanivuta na kunikumbatia mpaka nikashindwa kupumua.

Askari wakaja. Hawakuja kupigana, hapakuwa na wa kupigana nao. Walikuja kuchoma chakula. Vihenge vya mahindi viliungua, ulezi ukaungua, na lundo lote la makaa lililokuwa likisubiri wabebaji nalo wakalitia moto. Vihenge vilikwisha mara moja. Lile lundo liliwaka mpaka masika, na moshi wake wa njano ulilala juu ya bonde mchana kutwa. Ndiyo ile harufu ya uani kwa jirani.

Mkubwa wa askari alisema amesikia hapa kuna mhunzi aliyewaambia watu kwamba risasi inayeyuka. Asipotoka, wataendelea kuchoma. Vilikuwa vimebaki vihenge vichache upande wa Wanyasa, na cha Mama Usipa kimojawapo. Wanawake walimtazama yule mkubwa, wakatazama chini. Hakuna aliyemtaja baba. Hata Mama Usipa hakumtaja, yeye aliyekuwa na haki ya kutaja.

Baba akatoka mwenyewe. Alijikokota na fimbo, amefunga vizuri ngozi yake ya kazi, akasema kwa Kiswahili, "Mhunzi ni mimi." Wakamfunga kamba shingoni, nyuma ya wanaume wengine waliokuwa wamekamatwa huko njiani.

Na mimi, ndugu zangu, nilifurahi. Msinishangae. Niliona kamba, nikajua maradhi yake yamekwisha, anarudi kazini. Nilikimbia kibandani nikachukua nyundo yake ndogo, ile ya kunyooshea ncha za sururu, maana mchimbaji anayefika bila chombo anapigwa kiboko, nilikuwa nimewaona. Mama alikuwa amesimama kando ya njia, hana chozi. Nilipompita alinikamata bega kwa nguvu, kucha zikaniingia. Kisha akaniachia. Alisema, "Nenda. Zungumza naye vizuri."

Nikampa baba nyundo. Mikono yake ilikuwa imefungwa, kwa hiyo niliichomeka kwenye mshipi wa ngozi yake.

"Ahsante, mama," akasema kwa Kingoni. "Ningeisahau."

"Safari hii ulete nyingi."

"Nini?"

"Chumvi. Usimgawie mtu njiani."

Askari aliyeshika kamba, mtu wa kabila lingine, akamuuliza mtoto anasema nini. Baba akamjibu kwa Kiswahili, "Ananiambia niende salama." Kisha akainama kadiri kamba ilivyomruhusu, uso wake ukawa sawa na wangu, masizi bado yamo kwenye mikunjo ya macho. "Sitamgawia mtu," akasema. "Utaila yote wewe na mama yako."

Niliwasindikiza mpaka kijitoni. Shimo la makaa lilikuwa nyuma yetu, na wao walishika njia ya Songea. Niliona hilo. Nikajiambia wanapitia bomani kuchukua sururu mpya.

Mji haukuchukua muda kufa. Tulikula mizizi, tukala ming'oko ya porini mpaka ming'oko ikaisha, tukala ngozi za vigoda. Kile kihenge kilichosalimika Mama Usipa alikigawa kwa nyumba zote, na kwetu alileta mwenyewe, kibaba kwa kibaba. Mama alikataa mara ya kwanza. Mama Usipa akaweka chini kikapu. "Mumeo alitoka ili hiki kisiungue," akasema. "Kula, usinitie hasira." Alikufa kabla ya mvua kukatika. Tulimzika sisi wawili, kaburi fupi kwa kukosa nguvu, naye alikuwa mwanamke mkubwa. Hakukuwa tena na mtu wa kumtania mama kuhusu shingo yake.

Waliobaki tulihama, kila mtu na njia yake. Sisi tulikuja hapa Songea, ambako walikuwa wanagawa uji, na mama akaanza kulimia watu upande wa Msamala. Kila nilipomuuliza baba anamaliza lini kazi, alisema bado. Nilimwamini. Hata nilimhesabia haki, kwa sababu shimo lilikuwa limeachwa muda mrefu, lazima limejaa maji, na kuyatoa ni kazi.

Mwaka ule maharage yalipokubali kwa mara ya kwanza, wakapita wachuuzi Wayao kutoka Tunduru, na mmoja alikuwa na chumvi. Nyeupe pe. Mama alimpimia maharage, naye akampimia chumvi, akaifunga kwenye jani la mgomba. Nilipoliona lile jani nikamvuta mama nguo.

"Irudishe, mama. Baba analeta yetu. Akikuta tumeshanunua atasikitika."

Yule mchuuzi alikuwa mzee mpole mwenye kofia. Akatabasamu. "Baba yako yuko wapi, binti?"

"Yuko kwenye makaa. Walimpeleka na kamba."

Tabasamu likamwondoka. Mzee alimtazama mama, akasema kwa sauti ya chini, "Inna lillahi," akampa mama jani lile kwa mikono miwili na kumrudishia maharage yake yote. Na mama yangu, ambaye hakutoa chozi siku ya kamba, wala njaani, wala kaburini kwa Mama Usipa, akakaa chini palepale njiani, miguu ameinyoosha, kama mtu aliyekatwa.

"Hawakumpeleka kwenye makaa," aliniambia. "Walimnyonga hapa, bomani. Siku ileile walipofika."

Sikulia. Nilikuwa na swali moja, na nililiuliza.

"Na nyundo yake?"

"Sijui, mwanangu. Nyundo sijui."

Jioni mama alipika yale maharage. Alinitilia chumvi kwenye bakuli langu peke yangu. Yake aliyala bila chumvi, na aliendelea hivyo miaka yote mpaka nilipomzika nikiwa nami nina watoto, na hakuna mkwe wala jirani aliyejua kwa nini. Mimi nilikula yangu. Machozi yalikuwa yamekuja hatimaye, yanadondokea humo humo bakulini, lakini nilikuwa mtoto na nilikuwa na njaa ya siku nyingi. Nilikula mpaka mwisho, nikalamba bakuli, na yalikuwa matamu.